Njia Kabla ya Kifaa: Kuvusha Mtandao kutoka Mapaa ya Asiatique

Nimeombwa nijibu swali ambalo wauzaji wa vifaa vya mtandao hapa Asiatique, mtaa wa maduka wa Bujumbura, wanalijua vizuri. Mteja anaingia, anaegemea kaunta, anasema: "Nipe ile antena ya mbali, nataka kuunganisha duka na depo. Ipi nzuri?" Muuzaji anashusha boksi mbili tatu, wanasoma pamoja kilichoandikwa ubavuni: kilomita 5, kilomita 15, megabiti 300. Wanapatana bei. Mvua za kwanza zikinyesha, mteja anarudi na boksi mkononi.

Nitasema mapema nilichokuja kusema, ili mwenye haraka aondoke nacho: anayechagua kifaa kabla hajaijua njia ya mawimbi atanunua mara mbili. Kwanza njia, kisha kimo, kisha ardhi ya kupeleka radi, kisha umeme. Kifaa ni jambo la mwisho, na ndilo jepesi kuliko yote.

Daraja la wayalesi ni jozi ya vifaa. Kimoja kinafungwa juu ya paa hapa, cha pili juu ya paa kule, vinatazamana, na mitandao miwili inakuwa mmoja kana kwamba kuna kebo imevutwa kati yake. Daraja halizalishi intaneti. Kama intaneti ya duka ni dhaifu, depo nayo itapokea udhaifu huo huo. Faida yake iko kwingine: kamera za depo zinaonekana dukani, hesabu ya mali inasomeka, simu za ndani zinalia, na hakuna anayelipia data hiyo kwa sababu haipiti kwenye kampuni yoyote.

Haja hiyo hapa kwetu ina historia. Mtaa huu uliwekwa na Wabelgiji kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu, katikati ya mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika, karibu na bandari. Tangu mwanzo biashara yake ilikuwa ya kuvuka maji: Uvira, Kalemie, Kigoma, Mpulungu. Kisha tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura likaungua, na wafanyabiashara wakatawanyika mitaani. Aliyekuwa na kibanda kimoja na stoo nyuma yake akajikuta na duka huku, depo kule, na msaidizi kwingine kabisa. Mtu wa namna hiyo hahitaji hotuba juu ya umuhimu wa mtandao. Anahitaji kujua katoni ngapi zimebaki depo kabla hajamwahidi mteja.

Kabla hujanunua daraja, ulizia faiba. Mkongo wa taifa, Burundi Backbone System, upo, na katikati ya jiji faiba imefika mitaa mingi. Kama inapita mlangoni pako na mlangoni pa depo, ichukue. Mimi ni mtu wa redio, na bado nakwambia uichukue, kwa sababu faiba haijali mvua wala jirani akipandisha ghorofa. Tangu 2024 kuna pia Starlink nchini, ambayo ni jibu zuri kwa anayetaka intaneti tu mahali pasipo na kitu. Daraja linafaa pale ambapo faiba haijafika na unachohitaji ni kuunganisha sehemu zako mwenyewe: depo ya Gatumba, shamba la mpunga bonde la Imbo, zahanati iliyoko mlimani, shule yenye majengo mawili yaliyotenganishwa na mto.

Sasa njia. Watu wengi hupanda juu ya paa, wanakinga jua kwa mkono, wanaiona sehemu ya pili, wanashuka wakisema, "Naona, kwa hiyo itashika." Kuona ni lazima, lakini hakutoshi. Mawimbi ya redio hayasafiri kwa mstari mwembamba kama uzi. Yanatumia nafasi yenye umbo la mtumbwi: imebana kwenye ncha mbili, imetanuka katikati. Nafasi hiyo inaitwa eneo la Fresnel, kwa jina la Augustin Fresnel, Mfaransa aliyechunguza mwenendo wa mwanga mwanzoni mwa karne ya 19. Kitu kikiingia ndani ya eneo hilo, hata kama hakigusi mstari wa macho, mawimbi yanapungua nguvu. Mafundi wana kanuni: walau asilimia 60 ya nusu ya upana huo ibaki wazi.

Tuchukue mfano ambao kila mtu hapa anauona kwa macho yake. Ukisimama kwenye paa refu la Asiatique siku isiyo na ukungu, ng'ambo ya ziwa unaiona milima ya Kongo, na chini yake Uvira. Kutoka hapa hadi pale ni takriban kilomita 24 kwa mstari ulionyooka. Kwa masafa ya gigahezi 5.8, eneo la Fresnel katikati ya safari hiyo lina nusu upana wa mita 17 na nusu hivi. Asilimia 60 yake ni mita kumi na kidogo. Juu ya hapo ongeza mviringo wa dunia. Ziwa linaonekana bapa, lakini kwa umbali huo maji ya katikati yamepanda takriban mita 8 na nusu juu ya mstari unaounganisha fukwe mbili, hata baada ya kuhesabu kwamba hewa huyapinda mawimbi kidogo kuelekea chini na kutusaidia. Jumla ni karibu mita 19. Maana yake, ukifunga antena mbili kwenye kimo cha mita 10 juu ya maji huku na kule, unaweza kuiona taa ya Uvira usiku na bado daraja lako likawa kilema. Ukipata mita 25 kila upande unapumua.

Mviringo huo hukua kwa kasi inayowashangaza wengi, kwa sababu umbali ukizidi mara mbili, wenyewe unazidi mara nne. Kuna aliyeniuliza kuhusu Kigoma. Kutoka hapa ni karibu kilomita 170 kwa mstari, na uvimbe wa dunia katikati unafika kama mita 420. Hakuna ghorofa la Asiatique litakalovuka hapo. Lazima kuwe na vituo vya kati milimani. Wala sisemi kwamba umbali mkubwa hauwezekani. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake nchini Venezuela walipitisha mtandao wa wayalesi wa gigahezi 2.4 kwa kilomita 382, bila kituo cha kati. Wakapata megabiti 3 hivi kwa sekunde. Siri yao haikuwa boksi lenye maandishi makubwa: upande mmoja walikuwa kwenye mlima wa Andes, juu zaidi ya mita 4,000. Walinunua kimo, na hicho kimo walikipata kwa asili.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchora njia kabla ya kufungua pochi. Programu za bure zipo. Google Earth itakuonyesha jinsi ardhi inavyopanda na kushuka kati ya sehemu mbili, na watengenezaji wakubwa wa vifaa wana ramani zao za kukokotoa. Zitumieni, lakini mjue zinaonyesha ardhi. Mwembe haumo. Ghorofa lililoanzwa mwaka jana halimo. Na hapa mtaani kwetu, ambapo duka la zamani la paa la bati linaweza kuvunjwa wakati wowote na kuinuliwa jengo la ghorofa nne, njia iliyo wazi leo inabidi uihoji: nani anamiliki kiwanja kilicho mbele yangu? Mti nao huongezeka kila mwaka, na majani yaliyolowa mvua huyala mawimbi kuliko majani makavu. Fundi mzuri huenda na darubini, anaitazama njia yote, halafu anauliza majirani.

Nisimame hapa kidogo kwenye habari ya maji, maana mji wetu uko ufukweni na vitabu vingi vimeandikwa na watu wa nchi kavu.

Mawimbi yakipita juu ya ziwa tulivu, sehemu yake hugonga maji na kuakisiwa. Antena ya upande wa pili inapokea mara mbili: mawimbi yaliyokuja moja kwa moja, na yale yaliyoakisiwa ambayo yamesafiri njia ndefu kidogo. Yakifika kwa hatua moja yanasaidiana. Yakifika kwa hatua zinazopingana yanauana. Na kwa kuwa hewa juu ya ziwa hubadilika tangu asubuhi hadi jioni, joto likipanda, upepo wa ziwa ukigeuka, hatua hizo nazo hubadilika. Ndiyo maana utasikia malalamiko ya ajabu: "Mtandao ni mzuri kutwa nzima, saa kumi na mbili jioni unakufa, saa mbili usiku unarudi." Mwenye daraja anabadilisha kifaa, anabadilisha kebo, anabadilisha fundi. Tatizo liko kwenye maji, na maji hayabadilishwi.

Yapo mambo ya kufanya. La kwanza na lenye nguvu kuliko mengine ni kutofautisha vimo. Antena mbili zikiwa kwenye kimo sawa, mahali mawimbi yanapogonga maji ni katikati ya ziwa, penye maji matupu. Upande mmoja ukiwa chini na wa pili ukiwa juu sana, mahali hapo husogea kuelekea upande wa chini. Chukueni paa la Asiatique lililo mita 15 juu ya maji, na ng'ambo kituo kilichoko mlimani mita 300 juu ya maji: pa kugonga panakuja kilomita moja na kidogo tu kutoka kwetu, karibu na ufukwe, ambapo mapaa ya maghala, mashine za bandari na miti huyatawanya mawimbi badala ya kuyarudisha kama kioo. La pili, rudisha antena nyuma kidogo kwenye paa, ili ukingo wa jengo uzuie miale inayotoka chini huku ile ya moja kwa moja ikipita. La tatu, inua uso wa dishi kidogo sana kuelekea juu. Unapoteza kiasi kidogo cha mawimbi mazuri na unapunguza mabaya. Na juu ya yote, weka akiba.

Akiba ndilo neno ninalotaka mlibebe. Mawimbi hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake ni ya kujumlisha na kutoa tu, hata mtoto wa darasa la saba ataiweza. Desibeli 3 ni kuzidisha nguvu mara mbili, desibeli 10 ni mara kumi. Umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6. Kwa kilomita 24 na gigahezi 5.8, anga tupu linakula desibeli 135. Tuseme sheria inakuruhusu kutoa 36 dBm (yaani desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati moja) kutoka kwenye antena, kikomo kinachotumika katika nchi kadhaa. Ukitoa 135 inabaki −99. Sasa antena ya upande wa pili inaongeza uwezo wake wa kukusanya, unaoandikwa kwa dBi. Ikiwa ni kile kibapa kidogo cha 16 dBi, kinapokea −83. Ikiwa ni dishi la 30 dBi, linapokea −69. Tofauti ya desibeli 14 ni nguvu mara 25. Kumbukeni kwamba kikomo cha kutoa ni kile kile: dishi kubwa halikupi ruhusa ya kupiga kelele zaidi, linakupa sikio kubwa zaidi, na tena linafunga masikio kwa kelele za pembeni.

Kifaa cha kawaida kinaweza kusikia mawimbi dhaifu ya −90 na zaidi, lakini kwa kasi ya chini kabisa. Kasi kubwa inataka −70 au bora kuliko hapo. Akiba ni tofauti kati ya unachopokea na kile unachohitaji ili kazi yako isisimame. Kwenye nchi kavu na umbali mfupi, desibeli 10 hadi 15 zinaweza kutosha. Juu ya maji msikubali chini ya 20. Muuzaji akikwambia "itashika", muulize itashika ikiwa na akiba ya ngapi.

Kuna jambo la kelele. Paa la Asiatique linasikia jiji zima: kila hoteli, kila ofisi ya Rohero, kila jirani mwenye ruta. Kelele hizo zinaweza kufikia −85, na hapo mawimbi yako ya −83 yamekaribia kuzama, hata kama boksi linasema kilomita 15. Kwa hiyo kabla ya kuchagua chaneli, washa kifaa kikiwa juu ya paa na uchunguze masafa, na ufanye hivyo jioni, watu wakiwa wamewasha kila kitu. Gigahezi 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana. Kwa kazi hii, mjini, iacheni. Gigahezi 5 ndiyo uti wa mgongo wa madaraja: ina nafasi, na mvua haiiumizi sana. Sehemu ya masafa hayo, kuanzia 5.6 hadi 5.65, hutumiwa na rada za hali ya hewa duniani, na kifaa halali kikisikia rada lazima kihame. Gigahezi 60 ni kisu kikali cha umbali mfupi. Hewa yenyewe, kwa oksijeni iliyomo, inakula takriban desibeli 15 kila kilomita, na mvua kubwa inakula zaidi ya hapo. Lakini kutoka duka la hapa hadi ofisi iliyo mita 600 kutoka hapa ni nzuri mno: kasi kubwa, na kelele za majirani hazikufikii kwa sababu zao pia zinakufa njiani.

Pia msiwe na pupa ya chaneli pana. Ukitoka megahezi 20 kwenda 40 unaongeza kelele kwa desibeli 3, ukienda 80 unaongeza 3 nyingine. Kwa kamera nne na hesabu ya duka, megahezi 20 zilizotulia zinashinda 80 zinazokatika.

Tuyasome sasa yale maandishi ya boksi. "Megabiti 300" ni kasi ya hewani katika maabara. Wayalesi husema na kusikiliza kwa zamu, hivyo unachopata kweli ni kama nusu, tena ni jumla ya kwenda na kurudi. Tazameni na tundu la kebo: vipo vifaa vingi vinavyotangaza megabiti 300 hewani huku tundu lake ni la megabiti 100, na hakuna njia nyingine ya kutokea. "Kilomita 15" ina maana kwamba mahali fulani, bila kelele, vifaa viwili vilisikiana. Halafu kuna jambo ambalo boksi haliandiki kabisa. Mwanga na redio husafiri mita 300 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwenda na kurudi kilomita 24 kunachukua sehemu 160 za namna hiyo, wakati wayalesi ya kawaida imezoea kusubiri jibu kwa muda mfupi zaidi. Jibu likichelewa inadhani ujumbe umepotea, inarudia, na inarudia tena. Kwa hiyo kifaa cha masafa marefu lazima kiwe na sehemu ya kuweka umbali, au bora zaidi, kiwe na utaratibu wa kugawa zamu kwa saa maalumu. Ubiquiti, MikroTik na Cambium wote wana taratibu zao za aina hiyo, na hazielewani: nunueni pande zote mbili kutoka kwa mtengenezaji mmoja, aina moja, toleo moja la programu.

Kati ya chapa hizo siwachagulii. Zote zina vifaa vizuri na vifaa vya bei ya chini vilivyopunguzwa uwezo. Kipimo changu ni hiki: je, hapa Bujumbura naweza kupata cha tatu, cha akiba, siku kimoja kikifa?

Maana kitakufa, na pengine kwa radi. Mwaka 2016 wanasayansi waliokusanya miaka ya vipimo vya setilaiti walichapisha orodha ya mahali penye radi nyingi duniani. Ziwa Maracaibo la Venezuela likawa la kwanza, na Kabare, mashariki mwa Kongo, pakawa pa pili kwa zaidi ya miali 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Sisi ni majirani wa mahali penye radi nyingi kuliko pote Afrika, na bado nimepanda juu ya mapaa ya mji huu nikakuta mlingoti wa chuma wa mita sita, antena kileleni, na hakuna waya hata mmoja unaokwenda ardhini.

Radi haihitaji kuipiga antena yenyewe. Ikipiga mita 200 kutoka hapo, umeme wa ghafla hujitokeza kwenye kebo ndefu na kuchoma tundu la swichi, wakati mwingine na kompyuta iliyo mwisho wake. Kwa hiyo: kebo ya nje yenye ngao ya chuma, na viunganishi vyake viwe vya chuma pia, la sivyo ngao haina pa kwenda. Kizuia umeme wa ghafla kimoja juu karibu na antena, cha pili pale kebo inapoingia ndani. Mlingoti, vizuizi na umeme wa jengo vyote viunganishwe kwenye mfumo mmoja wa ardhi, kwa waya mnene, mfupi, usio na kona kali. Kuweka nguzo moja ya ardhi ya mlingoti na nyingine ya jengo bila kuziunganisha ni hatari, kwa sababu radi ikipiga, tofauti ya umeme kati ya nguzo hizo hupita katikati ya vifaa vyako. Na antena isiwe ndicho kitu cha juu kabisa. Chuma cha kuipokea radi kiizidi.

Maji nayo ni adui mtulivu. Fungueni kiunganishi cha kebo kilichokaa mvua mbili bila kufunikwa vizuri. Mtaona vile vijino vinane vya shaba vimegeuka kijani, na kimoja au viwili vimelika kabisa. Kifaa bado kinawaka, taa zake bado ni nzuri, lakini kasi imeshuka kutoka megabiti 1,000 hadi 100, au kinajizima na kuwaka chenyewe usiku. Dawa yake ni rahisi: kabla kebo haijaingia kwenye kifaa, ishushwe chini kisha ipande, ili tone la maji lidondoke pale kwenye kitanzi lisifuate kebo ndani. Tundu litazame chini. Utepe wa mpira unaojishika wenyewe ufungwe kutoka chini kwenda juu, kila mzunguko ukifunika ule uliotangulia.

Upepo wa kiangazi kutoka kusini mwa ziwa mnaujua. Dishi la sentimita 60 lina mwali wenye upana wa digrii 6 hivi. Likizungushwa digrii 3 tu, umepoteza nusu ya nguvu ya mawimbi, na hutaona kwa macho kwamba limegeuka. Mlingoti mwembamba wa bomba la maji si mlingoti. Utieni waya za kuvuta pande tatu, na baada ya kulenga, pigeni alama ya rangi kwenye bano na kwenye bomba, ili anayekuja baadaye ajue kama limesogea.

Umeme wa REGIDESO sihitaji kuwaeleza. Daraja lina ncha mbili, na ncha moja ikizimika lote limezimika. Habari njema ni kwamba kifaa kinakula kidogo, wati 10 hivi. Kwa saa 24 ni wati-saa 240. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ukitumia nusu yake tu ili isife mapema, unapata siku mbili na nusu. Ongeza paneli ndogo ya sola na umesahau mafuta ya jenereta. Nawasihi, hesabuni betri hiyo ndani ya bei ya daraja tangu mwanzo. Nimeona watu wakinunua kifaa cha bei ghali na kukichomeka kwenye umeme usiokuwa na hata kidhibiti.

Kuhusu sheria: vifaa vya redio na masafa nchini Burundi viko chini ya ARCT, mamlaka ya kudhibiti mawasiliano. Nendeni kwao na karatasi ya kifaa kabla hamjaagiza, muwaulize masafa yapi yanaruhusiwa na kwa nguvu kiasi gani. Mfano wangu wa Uvira ulikuwa wa hesabu. Daraja linalovuka mpaka linahitaji ruhusa ya nchi mbili, ARCT huku na mwenzake ARPTC upande wa Kongo, na kwa hali ya usalama ya ziwa hili, antena isiyo na karatasi inayotazama ng'ambo inaweza kukuletea maswali mazito kuliko hasara ya fedha. Kwa ruhusa inawezekana kuvusha mengi: mwaka 2021 mradi wa Taara wa Alphabet, kampuni mama ya Google, ulivusha mtandao kwa miale ya mwanga juu ya Mto Kongo, kati ya Brazzaville na Kinshasa, kilomita 4.8 kwa uwezo wa hadi gigabiti 20. Mwanga huo hauzuiwi na mvua kama unavyozuiwa na ukungu. Kwa mafundi wetu ni jambo la kulifuatilia, ingawa bei yake bado si ya duka la Asiatique.

Na badilisheni nenosiri la kiwandani siku ile ile ya kufunga. Daraja lenye nenosiri lililochapishwa kwenye kijitabu ni mlango ulio wazi wa duka lako, na kamera zako zinaonekana na yeyote anayejua kusoma.

Wauzaji wa mtaa huu, nina ombi kwenu. Mteja akija kuuliza antena ya mbali, kabla hamjashusha boksi mwulizeni mambo manne: ni kutoka paa gani hadi paa gani, kuna nini katikati, anapitisha nini, na ana umeme wa aina gani. Kama hajui, mpelekeni kwa fundi kwanza. Mtapoteza mauzo ya siku hiyo, na mteja huyo atarudi kununua jozi sahihi, mabano, vizuizi na waya wa ardhi, vitu ambavyo vina faida kwenu kuliko boksi moja litakalorudishwa.

Nanyi wenye maduka: fundi akimaliza kazi, mwambieni aandike kwenye karatasi na kuiacha kwenu namba tatu. Ya kwanza ni mawimbi yanayopokelewa kila upande, kwa dBm. Ya pili ni kasi iliyopimwa jioni, kwa nusu saa mfululizo, kwenda na kurudi. Ya tatu ni kipimo cha ardhi ya mlingoti, kwa omu. Siku mtandao ukilegea, fundi yeyote atalinganisha na karatasi hiyo na kujua ndani ya dakika kumi kama dishi limegeuka, kebo imeoza au jirani amejenga. Fundi asiyeweza kuwapa namba hizo hajamaliza kazi, na salio lake lisilipwe mpaka ampate wa kumsaidia kuzipima.